Kopo la Mama Boriki

Mimi naitwa Ursula, lakini ukifika Mnyambe ukauliza nyumba ya Ursula, watu watakuzungusha mpaka uchoke. Uliza kwa Mama Boriki. Hapo hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akulete mlangoni. Jina hilo nililipata kihalali, kwa miaka ishirini na sita ya kufagia wodi, kumwaga mabeseni na kuosha macho ya wagonjwa, na sikuwahi kulionea haya mpaka mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja. Jambo la mwezi huo nalisimulia mwenyewe. Wapo wanaolisimulia kwa kuongeza chumvi, na mimi sipendi kuongezewa chumvi.

Boriki ni unga mweupe, laini, hauna harufu. Wasomi wanauita asidi ya boriki. Enzi zangu za kazi tuliuchanganya na maji yaliyochemshwa tukaosha macho yaliyogandwa na tongo. Nilipostaafu nilirudi nyumbani na ujuzi wangu. Mume wangu Petro ana sikio ambalo kila masika linaota fangasi na kumwasha mpaka anataka kulikuna kwa kijiti; namtia matone ya boriki na spiriti, anatulia. Vidole vyangu vya miguu navinyunyizia. Hata mende wa jikoni nawawekea, ukichanganya na sukari wanakula wenyewe na kufa wenyewe. Majirani wakaanza kuja, huyu na jicho, yule na sikio, na mimi nikafurahi. Nani hapendi kugongewa mlango kwa heshima?

Unga naununua Masasi kwa Pancras, kijana wa duka la dawa. Siku hiyo ninayoisema alinipimia, akanipa pole ya safari, kisha akaushikilia mfuko badala ya kunikabidhi.

"Bibi, nasikia Devotha amejifungua. Hongera sana."

"Asante, mwanangu. Mtoto wa kike. Shakila."

"Basi unga huu usimguse Shakila. Ngozi ya mtoto mchanga inaunyonya, hasa ikiwa imechubuka, unaingia kwenye damu. Na mtu mzima naye, si wa kidonda kibichi, si wa kumeza. Sikio la Babu sawa, ilimradi ngoma ya sikio haijatoboka."

Nilimtazama kuanzia ndevu zake, ambazo zilikuwa sita au saba. "Pancras, mimi nilikuwa naosha macho ya watu kwa boriki kabla baba yako hajaanza kunyoa."

Alicheka kwa adabu, akaandika maneno yale yale kwenye karatasi, akaibandika juu ya mfuko kwa selotepu. Nilipofika stendi niliibandua nikaitupa. Sikutaka mtu anione na unga wangu umeandikwa na mtoto, kana kwamba mimi ndiye niliyekwenda kufundishwa.

Sasa, ili unielewe, lazima ujue habari ya maji. Huku juu kwetu mwezi wa kumi na wa kumi na moja kisima cha maji ya mvua kinakauka mpaka unasikia ndoo inakwaruza saruji. Bomba linatoa siku linapotaka. Korosho zinaangushwa na jua, watu wako mashambani, na maji ya nyumbani unayapima kwa kikombe. Devotha, kitindamimba wangu, alikuja kujifungulia kwangu, kama kila msichana wa kwetu anavyofanya kwa mimba ya kwanza. Kwa mama yako ndiko unakokaa arobaini yako, ukila, ukilala, ukikandwa. Mumewe Faruku, fundi pikipiki Masasi, alinikabidhi mkewe kwa mikono miwili akarudi kazini. Nami nilijivuna sana. Nepi za Shakila nilizifua mimi, mtoto nilimwogesha mimi. Ila nilizifua kwa maji ya kikombe. Sabuni haikutoka vizuri, na mtoto, wiki ya tatu, akachubuka matakoni na mapajani mpaka pakawa pabichi.

Nilimwambia Devotha asihofu. Nilichukua kopo tupu la poda ya mtoto, lile lenye matundu juu na picha ya mtoto anacheka, nikalijaza boriki. Kila nikimbadilisha nepi, namnyunyizia. Nilijiambia unga utamkausha, na pakikauka sitahitaji kumwosha mara kwa mara, maji yatabaki ya kunywa. Ndivyo akili yangu ilivyokwenda. Devotha aliliona lile kopo akauliza, "Mama, hii ni ya dukani?"

"Ni poda," nikamjibu.

Sikusema uongo, eti. Hilo neno limenitesa kuliko uongo wote niliowahi kusema.

Siku ya tatu ya kunyunyiza, akaja mkwe wangu Stamili, mama yake Faruku, kutoka Chiungutwa. Alikuja kwa bodaboda na dumu la lita ishirini la maji limefungwa nyuma yake kwa mpira. Safari yote ile, barabara ile, mwanamke mwenye magoti mabovu, na dumu la maji linamsukuma mgongoni. Alikuwa amesikia kwetu maji yamekatika. Na ndani ya kanga alikuwa na fungu la majani, ya kumwogeshea mjukuu ngozi iwe nzuri, kama walivyomwogeshea Faruku.

Ningemkumbatia, kama ningekuwa na akili. Badala yake nilisikia amenivunjia heshima. Anakuja kwangu, kwa mtu wa hospitali, na majani? Nikamkaribisha chai, nikamwacha amwogeshe mtoto mara moja kwa yale maji yake ya majani, na muda wote nilisimama mlangoni nimekunja mikono. Alipomaliza nikamkausha Shakila mwenyewe na kumwaga poda yangu mara mbili ya kawaida, makusudi, ili Stamili aone utaalamu. Dumu lenye maji yaliyobaki nililisukuma kwenye kona.

Jioni ile mtoto akatapika. Akatapika tena, akaharisha. Asubuhi nilipomfunua alikuwa mwekundu mwili mzima, kuanzia usoni hadi nyayo, kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, na ngozi ya mgongoni ilikuwa inaanza kutoka. Hakuwa analia. Devotha alimwekea titi mdomoni, akaliacha litoke. Nilishaona watoto wengi wagonjwa, na kilichonitisha ni huko kutolia.

Nikamgeukia Stamili. "Ni majani yako hayo," nikasema. "Umemuunguza mjukuu wangu kwa majani yako."

Alifunga kanga yake akatoka nje kutafuta gari. Jirani yetu Cecil alikuwa amepakia korosho kwenye pikapu kupeleka ghalani; alipomwona Stamili anavyotembea, akashusha magunia yake yote kando ya njia bila kuuliza. Tukashuka mlima kwenda hospitali ya Ndanda, Devotha mbele na mtoto, mimi na Stamili nyuma kwenye bodi, tumeshika vyuma, hatutazamani. Njiani niliona kidole chake gumba kinahesabu tasbihi bila tasbihi. Nikajiambia, omba, una la kuomba.

Daktari alikuwa dada mmoja kutoka Bukoba, anaitwa Flora, mwenye sauti ya chini na mikono ya haraka. Alimgusa mtoto kila mahali, akaangalia ulimi, akabonyeza utosi. Muuguzi akatafuta mshipa. Kisha daktari akauliza lile swali ambalo nilikuwa nimelisikia likiulizwa mara elfu, nimesimama na fagio langu.

"Mmempa nini huyu mtoto? Semeni kila kitu, simgombezi mtu."

"Majani," Devotha akasema. "Mama mkwe alimwogesha na majani."

Stamili akafungua pindo la kanga. Alikuwa ameyabeba yaliyobaki, makavu, machache, akayaweka mezani. "Ndiyo haya, mwanangu. Nilichemsha, nikapooza, nikamwogesha. Hakunywa, kwa ninavyojua mimi. Lakini labda maji yalimwingia mdomoni. Sijui. Labda yalimwingia."

Daktari akayanusa, akauliza ni majani ya mti gani, akauliza tena kama mtoto alimeza. Stamili kila akijibu alijitia hatiani zaidi, kwa sababu alikuwa anatafuta ukweli na mimi nilikuwa naukalia. Maana ukweli, wakati huo, nilishaujua. Uliniingia pale muuguzi alipofungua nepi na kupitisha kidole kwenye mkunjo wa paja. Kidole kilitoka cheupe.

"Na hii ni nini?"

"Poda tu," akasema Devotha. "Poda ya mtoto, ya kawaida."

Muuguzi akajifuta. Daktari akarudi kwenye majani. Akasema huenda pia ni wadudu wa ngozi, aanzishiwe sindano, na kuhusu majani atapiga simu kuuliza. Na mimi nikanyamaza. Naomba usinipunguzie hapo. Maneno ya Pancras nilikuwa nayasikia yote, kwa mpangilio, na selotepu juu, na nikanyamaza. Nikawaza kijiji. Nikawaza Petro na sikio lake, na wale wanaonigongea mlango. Nikawaza Devotha atanitazama vipi. Hata nikajiambia labda si boriki, labda kweli ni majani. Muda wote huo hauzidi wa mtu kufungua kanga na kuifunga upya, lakini mtoto alikuwa mezani.

Ndipo Stamili akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akasema, polepole, si kwa daktari wala kwangu, "Mungu wangu, nimemuua mtoto wa Faruku."

"Si majani," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Ni boriki, daktari. Asidi ya boriki. Ile poda siyo poda. Nimemnyunyizia siku nne, kwenye michubuko, kila nepi. Kopo nimejaza mwenyewe. Na duka la dawa waliniambia nisifanye."

Sikumtazama Devotha. Nilisikia tu pumzi yake.

Daktari Flora hakupoteza hata neno. "Maji," akamwambia muuguzi. "Maji mengi, ya uvuguvugu, aoshwe kila mkunjo, sasa hivi, na vidole, na kucha." Akaniuliza kiasi gani, mara ngapi, mara ya mwisho lini, kama mtoto hujinyonya mikono. Nikamjibu yote, kama nilivyokuwa nikimjibu sista wangu wa wodi, kiganja cha unga hiki, saa hii, saa ile. Akapiga simu hospitali kubwa zaidi kuomba ushauri. Wakati wanamwosha, mkono wa Shakila ukaanza kurukaruka wenyewe, na macho yakapanda juu. Degedege. Wakatutoa nje.

Baadaye daktari alikuja kunieleza, akachuchumaa mbele ya benchi ili tuwe sawa. Alisema unga ule ni dawa kweli, na mahali pake papo, kwa mtu mzima na kwa maelekezo. Lakini ngozi iliyochubuka ni mlango wazi, na mtoto wa wiki tatu figo zake ndogo haziwezi kuutoa haraka, unajikusanya. Dawa ya kuukamata ndani ya mwili hawana. Ni kumwongezea maji kwa dripu, kumzuia degedege, kuhesabu mkojo wake na kusubiri.

"Umenisaidia kwa kusema, Bibi," akasema. "Nilikuwa naelekea njia nyingine."

Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza, na nililia kwa hilo kuliko kwa jingine lolote.

Siku tatu Devotha hakunisemesha. Alikaa wodini, mimi nikakaa barazani. Akipita kwenda kufua alinipita kama anavyopitwa mlinzi. Sikumlaumu, nilimpenda tu, kwa mbali, kwa zile hatua kumi na tano za kutoka barazani hadi wodini. Petro aliteremka na nguo na ndizi, nikamweleza yote. Akavua kofia, akaketi kando yangu, akasema, "Haya, mama Devotha," na hakuondoka.

Stamili ndiye aliyeniletea uji. Asubuhi ya pili, kikombe kimoja, akanywa nusu akanipa nusu.

"Nilikuita muuaji," nikamwambia. "Sikutamka neno, lakini ndilo nililomaanisha."

"Ulilitamka vya kutosha."

"Nisamehe, mkwe."

Aliyasugua magoti yake. "Ungenyamaza," akasema, "mimi ningekwenda nalo kaburini. Ningejua mpaka mwisho wangu kwamba nilibeba maji kutoka Chiungutwa nikaja kumuua mjukuu wangu. Faruku naye angejua hivyo. Kunywa uji, unapoa."

Nikanywa. Ulikuwa na chumvi nyingi, na sikuthubutu kumwambia.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, tukasikia mtoto analia wodini. Kilio kibaya, cha hasira, cha mtu anayedai haki yake. Stamili alinishika mkono mpaka pete yake ikaniuma. Muuguzi akatoka na nepi imelowa chapa, akaibeba juu kama bendera, akatuonyesha. Hatukuwahi kushangilia mkojo namna ile katika maisha yetu.

Waliporuhusiwa, Devotha alisimama mbele yangu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekonda. "Mama," akasema, "arobaini yangu nitaimalizia Chiungutwa."

Hilo kwetu ni jambo zito. Binti kuondoka kwa mama yake kabla ya arobaini na kwenda kwa mkwe, na mama yupo, mzima, ana miguu miwili. Kijiji kizima kitauliza kwa nini. Stamili alifungua mdomo kunitetea, nikamzuia.

"Nenda, mwanangu," nikasema. "Huko kuna maji."

Nilirudi Mnyambe, nikalikuta lile kopo la mtoto anayecheka. Nilimwaga unga wake wote chooni, nikaliponda kopo kwa mchi ili lisijazwe kitu kingine tena. Ule wa sikio la Petro nikaurudisha Masasi kwa Pancras, nikamwambia anibandikie karatasi yake upya, herufi kubwa, na safari hii nikaomba selotepu izunguke mara mbili. Hakuniuliza kitu. Nilimweleza mwenyewe, nimesimama dukani, mbele ya wateja. Alipomaliza kubandika alinishika bega akasema, "Shikamoo, Bibi," ingawa tulishasalimiana.

Na siku za kliniki, mama wanapojaa na watoto kwenye mizani, nikaanza kwenda. Nasimama nasema, mimi ndiye Mama Boriki, na nitawaambia nilichomfanyia mjukuu wangu. Nawaambia unga ule si wa mtoto, si wa kidonda, si wa kumeza, wala usiwekwe kwenye kopo la kitu kingine, na mkifika hospitali semeni kila kitu, hata kile mnachoona aibu, kwanza kile. Wengine walicheka mwanzoni. Mmoja, siku ya pili, alinifuata nyuma ya jengo akatoa mfuko mdogo kwenye kanga yake, unga niliompa mimi mwenyewe mwaka uliopita. Alikuwa ameuweka kwa ajili ya mtoto wa mimba aliyokuwa nayo. Nilikaa chini pale pale.

Mvua zikaanza mwezi wa kumi na mbili. Kisima kikapokea maji, usiku nikawa nasikia yanaanguka, na nikawa namwaza mtoto asiyekuwepo. Kisha Jumamosi moja bodaboda mbili zikasimama uani. Ya kwanza, Devotha na Shakila mgongoni. Ya pili, Stamili, na dumu la lita ishirini limefungwa nyuma yake kwa mpira.

"Mkwe," nikamwambia, "mvua imenyesha. Kisima kimejaa."

"Najua," akasema, huku akishuka kwa magoti yake yale. "Nimezoea."

Shakila alikuwa amenenepa. Ngozi mpya, nyororo, rangi ya baba yake. Nilimsalimia kwa mbali, mikono nimeiweka nyuma, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniambia nimguse. Devotha alimlaza kitandani chumbani, kwenye kitanda kile kile, akamvua nguo. Stamili akamimina maji kwenye beseni, akaongeza ya moto, akapima kwa kiwiko. Kisha akasema anakwenda kuangalia jiko, wakati jiko halikuwa na kitu.

Nilibaki mlangoni. Devotha alikuwa amenipa mgongo.

"Mama," akasema. "Maji yatapoa."

Nikanawa mikono kwenye ndoo, mpaka kwenye viwiko, kwa sabuni, nikasuuza. Nikaikunjua mbele yake, viganja juu, viganja chini, kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni. Aliitazama kwa muda mrefu. Halafu akaniwekea Shakila mikononi, akaokota nepi chafu, akatoka kwenda kuzifua, na hakugeuka kutuangalia.